Hewa Ndiyo Mlinzi wa Tumbaku

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limechapwa kwa kusomwa darasani na nyumbani

Mlio karibu na redio, sogeeni msikie vizuri. Nawe usomaye maneno haya katika karatasi, soma polepole. Ukifika penye neno gumu usikate tamaa. Tazama mwisho wa somo, maneno mapya yameelezwa huko.

Leo tutajifunza habari ya unyevu wa hewa, na jinsi ya kuutawala ndani ya chumba tunamoweka tumbaku. Somo hili nimelikusudia hasa kwa wakulima wa Tabora, Urambo, Kahama, Chunya na Songea. Lakini wewe mwenye mahindi usiondoke. Fungu lako liko karibu na mwisho.

Kwanza nitawapa kisa.

Kisa cha ndoo ya maji

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita nilikaa kwa baba yangu mdogo, mkulima wa tumbaku. Mwaka ule tumbaku yake ilitoka banini ikiwa na rangi nzuri, ya njano kama ndizi mbivu. Walakini siku ya soko ilichelewa. Kiangazi kikaingia, na majani yakakauka mno. Ukiyagusa, yalivunjika kama ganda la kitunguu.

Baba mdogo akaona njia ya mkato. Jioni moja alichukua ndoo ya maji na ufagio, akayanyunyizia majani, kisha akayafunga marobota usiku ule ule. Alituambia, "Yatalainika, na uzito nao utaongezeka."

Baada ya siku 10 tukapeleka marobota sokoni. Mteuzi, yaani mtu apangaye madaraja ya tumbaku, alitia mkono katikati ya robota la kwanza. Akautoa, akaunusa, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na joto, na majani yalikuwa yameshikana na kuota kuvu nyeupe. Robota lile likakataliwa. La pili likakataliwa. La tatu likakataliwa. Deni la mbolea lilibaki pale pale, likakatwa katika mauzo ya mwaka uliofuata. Mabati tuliyokusudia kuezekea nyumba hayakununuliwa.

Baba mdogo hakuwa mvivu. Alipanda kwa wakati, alipalilia, alikesha banini akilinda moto. Jambo alilokuwa hajui ni moja tu, nalo ndilo somo letu la leo: jani la tumbaku halitiwi maji. Maji hutiwa katika hewa, na hewa ndiyo hulinywesha jani.

Hewa hubeba maji

Je, umepata kuona maji ndani ya hewa? Utasema hujaona. Lakini tia maji ya baridi katika gilasi, uiweke mezani. Baada ya muda mfupi utaona matone nje ya gilasi. Matone hayo yametoka wapi? Hayakupenya kioo. Yametoka katika hewa ya chumba. Maji yalikuwamo humo siku zote, ila yalikuwa mvuke usioonekana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Hewa ya moto huweza kubeba maji mengi. Hewa ya baridi huweza kubeba maji machache. Fikiri sanduku kubwa lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Hewa ya sanduku hilo ikiwa na joto la nyuzi 30, huweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Hiyo ni kama vijiko 6 vya chai. Joto likishuka mpaka nyuzi 20, hewa ile ile huweza kubeba gramu 17 tu, yaani kama vijiko 3 na nusu.

Tufanye hesabu. Mchana, joto ni nyuzi 30, na ndani ya sanduku letu mna gramu 15 za maji. Hewa ingeweza kubeba 30, lakini imebeba 15. Imejaa nusu. Twasema unyevu wa hewa ni asilimia 50, yaani sehemu 50 katika 100.

Usiku unaingia, joto linashuka mpaka nyuzi 20. Hakuna aliyeongeza maji. Ni zile zile gramu 15. Lakini sasa hewa haiwezi kubeba zaidi ya 17. Gawanya 15 kwa 17, zidisha kwa 100. Utapata kama 88. Unyevu wa hewa umepanda kutoka asilimia 50 mpaka asilimia 88, na hakuna hata tone moja la mvua lililonyesha.

Basi sasa umejua kwa nini jani lililokuwa likivunjika saa 8 mchana huwa laini saa 11 alfajiri. Si uchawi, wala si umande peke yake. Hewa ya baridi imekaribia kujaa, na jani linakunywa kutoka kwake. Jua likipanda, hewa hupata kiu tena, na jani hurudisha maji. Jani hunywa na kurudisha, siku baada ya siku, hata baada ya kukatwa na kukaushwa. Ndiyo maana mtunza tumbaku hana budi kuwa mtunza hewa.

Kipimo cha mkono

Utajuaje kama jani lako lina maji ya kutosha? Kipimo cha kwanza unacho mwenyewe, nacho ni mkono wako.

Chukua jani moja, likunje taratibu katika kiganja, halafu fungua mkono.

Kama limelia na kuvunjika vipande, ni kavu mno. Usiliguse tena, acha hewa ya usiku ilinyweshe.

Kama limefunguka lenyewe polepole kama kitambaa, liko vizuri. Lakini usiishie hapo. Pinda na uti wa jani, ule mshipa mkubwa wa katikati. Ukikatika kwa sauti ndogo, jani limefaa kufungwa.

Kama jani limebaki limekunjamana kama donge, na uti unapinda bila kukatika, lina maji mengi. Usilifunge. Ukilifunga, utakuwa umefunga kuvu ndani ya robota lako.

Watu wengi hupima jani na kuusahau uti. Ubapa wa jani ni mwembamba, hunywa upesi na hukauka upesi. Uti ni mnene, huficha maji ndani yake. Baada ya kufungwa, maji yale hutoka polepole na kuenea robota zima.

Kipimo cha chombo, na ushahidi wa chumvi

Kuna chombo kiitwacho kipimaunyevu. Siku hizi viko vidogo vya betri, vyenye kuonyesha tarakimu. Chama cha msingi, au wakulima watano wakichanga, wanaweza kununua kimoja wakatumia pamoja. Kitundike ndani ya chumba cha tumbaku, mbali na mlango na mbali na ukuta wenye kupigwa na jua.

Soma tarakimu hizi uzikumbuke. Kati ya asilimia 60 na 70, tumbaku hukaa vizuri. Chini ya 50, huanza kuvunjika ikishikwa. Ikifika 80 na kukaa hapo siku kadhaa, kuvu huota.

Lakini chombo nacho huweza kusema uongo. Utakipimaje? Mwite shahidi asiyenunulika, naye ni chumvi ya jikoni. Tia chumvi katika kizibo cha soda. Dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya chupa pana ya kioo yenye mfuniko, ufunge kabisa. Acha mchana mmoja na usiku mmoja, mahali pasipo jua. Hewa iliyofungwa pamoja na chumvi mbichi daima hutulia kwenye asilimia 75. Basi chombo chako kikisoma 75, ni cha kweli. Kikisoma 70, jua kwamba kinapunguza 5. Kila utakapokisoma, ongeza 5.

Wenye sigaa hufanyaje?

Huko Kuba, na katika nchi nyingine, tumbaku husokotwa kwa mkono ikawa sigaa, yaani zile sigara nene za majani matupu, zisizo na karatasi. Sigaa moja huweza kuuzwa kwa bei kubwa. Je, wenye kuziweka nyumbani huzitunzaje?

Hutumia sanduku la mbao lenye mfuniko wa kubana. Mbao zake aghalabu ni za mti ulio jamaa ya mkangazi, wenye harufu nzuri. Ndani ya sanduku huwekwa kipimaunyevu, na kijichombo chenye sifongo iliyolowa maji safi. Sifongo haigusi sigaa hata kidogo. Hutoa mvuke katika hewa ya sanduku, na hewa huzinywesha sigaa. Mwenye sanduku hulinda unyevu usitoke sana nje ya asilimia 65 na 70.

Tena kuna jambo moja la kuigwa. Sanduku likiwa jipya, mwenye akili hatii sigaa siku ile ile. Mbao kavu zina kiu, zitanyonya maji ya sigaa. Kwanza huweka sifongo peke yake, akafunga sanduku siku kadhaa, mpaka mbao zishibe. Ndipo hutia sigaa.

Umeona? Tajiri mwenye sanduku dogo na mkulima mwenye chumba cha matofali wanafuata sheria moja. Wote wawili wanatawala hewa. Tofauti yao ni ukubwa wa sanduku tu. Tena uchaga wako, ukuta wako na sakafu yako navyo hunywa na kutapika maji, kama zile mbao.

Sipendi mtu aseme kwamba nimewafundisha kuvuta. Tumbaku humdhuru avutaye, nayo huleta saratani na maradhi ya moyo. Hapa nasema juu ya zao ambalo mkulima amekwisha kulitolea jasho, lisije likaozea mikononi mwake.

Nyumbani kwako ufanye hivi

Kwanza, chagua chumba kisichovuja, chenye mlango na dirisha vinavyofungika. Kisiwe chumba cha kulala watoto, wala kisiwe jikoni.

Pili, tengeneza uchaga, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Udongo hupandisha maji hata wakati wa kiangazi. Usisogeze tumbaku mpaka ukutani. Acha nafasi hewa ipite.

Tatu, jifunze kufungua na kufunga. Majani yakiwa makavu mno, fungua dirisha usiku na alfajiri, ufunge kabla jua halijawa kali. Majani yakiwa na maji mengi, fanya kinyume: fungua mchana hewa ikiwa kavu, ufunge jioni. Siku ya mvua, funga kutwa.

Nne, kiangazi kikiwa kikali hata hewa ya usiku haitoshi, weka beseni la maji ndani ya chumba. Tundika kitambaa safi kilicholowa, ncha yake iwe ndani ya beseni. Kisiguse majani. Tazama kipimaunyevu kila siku. Kikifika 70, ondoa beseni. Ukiwa banini, baada ya moto kuzimwa na bani kupoa, waweza kunyunyiza maji sakafuni na kufungua matundu usiku. Nasema sakafuni, sisemi juu ya majani.

Tano, majani yaliyokwisha kulainika yafunike kwa turubai safi lisilochanika. Vipande vya nailoni, nyuzi za mkonge, manyoya ya kuku na nywele visiingie katika tumbaku. Mnunuzi akivikuta, hushusha thamani ya robota au hulikataa.

Sita, kila baada ya siku 3 tia mkono katikati ya lundo. Ukikuta joto, au harufu ya uvundo, usingoje kesho. Lifumue, tandaza majani kivulini, hewa ipite. Usiyaanike juani, maana jua hufifisha rangi, na hukausha nje tu na kuacha maji ndani.

Saba, chungulia kama kuna mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye urefu wa milimita 2 au 3, atoboaye majani. Huyu hupenda joto na uchafu. Fagia chumba, ondoa mabaki ya tumbaku ya mwaka jana, na ukimwona mwite Bwana Shamba mapema.

Fungu la mwenye mahindi

Nawe mwenye mahindi, sheria yako ni ile ile. Punje nayo hunywa na kurudisha maji, na kuvu ya mahindi ni mbaya kuliko ya tumbaku, kwa sababu mahindi huliwa. Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, inayoharibu ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mwite tena yule shahidi wetu, chumvi. Safari hii awe mkavu kabisa. Mwanike juani saa kadhaa. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko 2 au 3 vikubwa vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika 1, kisha iache dakika 15. Kama chumvi imeshika kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15. Yarudishe juani. Kama haikushika, yamepungua chini ya 15. Hata hivyo, mahindi ya kuwekwa miezi mingi yapasa yafike 13 na nusu au chini yake, kwa hiyo yaanike tena siku moja kabla ya kuyafungia.

Mwisho wa kisa

Mwaka uliofuata, baba yangu mdogo alimwita Bwana Shamba kabla ya soko. Hakuuliza habari za ndoo. Alfajiri tuliamka saa 10, tukafungua dirisha, tukangoja. Hatukushika jani mpaka lilipolainika lenyewe. Tulipinda uti, tukausikia ukikatika, tukafunga robota kabla jua halijapanda. Kulipokucha tukafunga dirisha tukaenda shamba. Tulifanya hivyo siku nyingi, robota moja moja.

Sokoni, mteuzi alitia mkono katikati, kama mwaka ule. Akautoa, akaunusa, akaandika daraja, akapita kwenda robota la pili. Hakusema neno. Baba mdogo naye hakusema neno, ila nilimwona akifuta jasho kwa kofia yake.

Haraka haraka haina baraka, wazee wangu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno mapya

Asilimia: sehemu katika mia moja.
Bani: nyumba ya kukaushia tumbaku.
Kipimaunyevu: chombo cha kupimia unyevu wa hewa.
Kuvu: ukungu uotao juu ya kitu chenye majimaji.
Robota: mzigo wa tumbaku uliofungwa kwa kuuzwa.
Sumukuvu: sumu itokayo katika kuvu ya nafaka.
Uchaga: jukwaa la miti la kuwekea vitu.
Uti wa jani: mshipa mkubwa wa katikati ya jani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini jani huwa laini alfajiri, hata kama mvua haikunyesha?
2. Baba mdogo alikosea wapi? Wewe ungefanya nini badala yake?
3. Hewa huweza kubeba gramu 30 za maji, nayo imebeba gramu 21. Unyevu wake ni asilimia ngapi? Je, ni salama kwa tumbaku?
4. Kwa nini hatufungi jani kabla ya kupima uti wake?
5. Mwanafunzi mmoja alete chupa, mwingine chumvi, mwingine mahindi. Fanyeni jaribio mbele ya darasa, halafu kila mmoja aandike mistari mitano akieleza alichokiona.